Kuingiza rimoti ya gari mwenyewe nyumbani, Toyota, Nissan na Honda za Japani

Gari nyingi tunazotembelea huku Bongo, IST, Vitz, Premio, Allion, Probox, Spacio, Runx, rimoti yake unaweza kuiingiza mwenyewe umekaa kwenye siti ya dereva, bila mashine, bila laptopu, bila kumlipa mtu. Utaratibu upo ndani ya gari tangu linatoka kiwandani na upo kwenye vitabu vya matengenezo vya Toyota wenyewe, ila mafundi wengi mtaani hawautangazi na siwalaumu, mtu hawezi kukufundisha bure kitu ambacho ndo ugali wake.

Sasa kabla hujaanza kuchomeka na kuchomoa funguo, elewa kwanza umeshika nini mkononi, maana hapa ndo watu wengi wanachanganya mambo halafu wanaishia kusema njia haifanyi kazi. Kwenye kichwa cha funguo kunaweza kuwa na vitu viwili tofauti kabisa ambavyo havijuani. Kimoja ni rimoti, yaani kile kibodi chenye betri na vitufe, kazi yake ni kufunga na kufungua milango basi. Kingine ni chipu ya imobilaiza, kipande kidogo sana cheusi kisichotumia betri, chenyewe kinaongea na gari pale unapochomeka funguo ili injini ikubali kuwaka. Rimoti ikifa gari linawaka kama kawaida ila unafungua mlango kwa funguo ya chuma. Chipu ikikosekana milango inafunguka vizuri tu lakini injini inazunguka na stata bila kushika, au inashika kidogo inazima. Na kuna gari zina rimoti hazina chipu, zina chipu hazina rimoti, zina vyote, au hazina kitu.

Halafu kuna funguo smati, zile za gari za kubonyeza kitufe kuwasha. Hizo ni habari nyingine, nitazigusa huko mbele.

Kujua kama gari lako lina imobilaiza angalia dashibodi baada ya kuchomoa funguo, kama kuna kitaa chekundu kinapepesa chenye picha ya gari na funguo au kimeandikwa SECURITY, basi ipo. Gari nyingi za Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa hizi ndogo ndogo, zilikuja bila imobilaiza kabisa, ndo maana unaona mtu anachongesha funguo ya chuma tupu ya Vitz kwa fundi funguo wa barabarani na gari linawaka. Ukiwa na gari lililotoka Uingereza usitegemee hilo, kule imobilaiza imekuwa lazima kwa gari mpya tangu Oktoba 1998.

Maelezo ninayotoa hapa ni ya rimoti. Chipu usiiguse kwa njia hii, haitaingia, na pia haitaharibika, kwa hiyo usiwe na wasiwasi kwamba ukikosea gari halitawaka.

Anza na betri

Kabla ya kuingiza chochote badilisha betri kwanza. Rimoti nyingi zinazopelekwa kwa fundi kama "zimepoteza programu" zina betri iliyochoka tu, na dalili yake ni ile ya kusogea karibu zaidi na gari kila wiki, leo unafungua kutoka getini, mwezi ujao mpaka uwe umeegemea mlango.

Namba ya betri imeandikwa juu yake yenyewe. CR2016, CR2032, CR1616, CR1632, hizi ndo utakutana nazo sana, zote ni volti 3. Namba mbili za mwanzo ni upana kwa milimita na mbili za mwisho ni unene, kwa hiyo 2016 ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 1.6, na 2032 ni upana uleule ila unene ni 3.2. Hapa wauza duka watakwambia "zote sawa tu hizi bosi", sio sawa, ukilazimisha 2032 sehemu ya 2016 utapindisha vyuma vinavyoigusa betri au kava halitafunga vizuri, na ukiweka 2016 sehemu ya 2032 itakuwa inacheza, leo inashika kesho haishiki.

Kufungua kava tafuta kijimfereji pembeni, weka bisibisi bapa ndogo uliyoizungushia kitambaa, zungusha taratibu, usichokonoe. Nyingine zina skrubu moja ndogo nyuma. Ukishafungua piga picha na simu kabla hujatoa kitu ili ujue upande wa jumlisha ulikuwa umeangalia wapi. Angalia vyuma vinavyoshika betri, kama vina kutu ya kijani futa na pamba yenye spiriti. Angalia na vitufe vyenyewe kwenye bodi, mara nyingi kile cha UNLOCK ndo kinachokufa kwanza kwa sababu kinabonyezwa sana, kikiwa kimekwisha ukikibonyeza husikii ile "tik" yake, na hicho fundi simu yeyote anabadilisha kwa dakika chache.

Kuna watu wanapima rimoti ya gari kwa kamera ya simu kama wanavyopima rimoti ya tivii. Haisaidii. Rimoti ya tivii inatoa mwanga usioonekana, ya gari inatoa mawimbi ya redio, kamera haitaona kitu hata kama rimoti ni nzima. Kile kitaa chekundu kikiwaka ukibonyeza kinakwambia betri ina moto tu, hakikuhakikishii kwamba mawimbi yanatoka. Fundi funguo wengi wana kidude cha kupimia masafa, yaani frequency ya hayo mawimbi ya redio, mwombe akupimie, ni sekunde tu.

Vitu vingine vya kuangalia bure, rimoti za Toyota hazifanyi kazi funguo ikiwa imechomekwa kwenye swichi, na kwenye gari nyingi za Toyota mfumo wa rimoti unakula umeme kupitia fyuzi iliyoandikwa DOME, hiyohiyo ya taa ya ndani. Kwa hiyo kama rimoti imekufa na taa ya darini nayo haiwaki na saa ya redio inarudi sifuri kila siku, acha rimoti, nenda kwenye fyuzi.

Na kama gari lako lilifungiwa alam ya dukani, zile zenye king'ora na rimoti isiyo na nembo ya Toyota, basi yote haya hayakuhusu, hiyo rimoti inaongea na kiboksi cha alam kilichofichwa chini ya dashibodi na kina utaratibu wake, kila kampuni na wa kwake.

Ukinunua rimoti nyingine

Gari nyingi zinafika bandarini na funguo moja tu, kwa hiyo wengi mnaosoma hii mnataka kuongeza ya pili. Ukienda Kariakoo au ukaagiza mtandaoni usiangalie umbo. Rimoti mbili zinaweza kufanana kama mapacha, vitufe vilevile, nembo ileile, na moja isiingie milele kwenye gari lako kwa sababu masafa ni tofauti. Toyota za soko la Japani nyingi zipo kwenye megahezi 312 au 314, za Ulaya 433.92, za Marekani 315. Sasa hizi zinazouzwa sana mtandaoni zimetengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani au Ulaya, na sisi gari zetu ni za Japani, ndo unakuta mtu amefanya hatua zote sawasawa, gari limemjibu vizuri, lakini rimoti inakataa. Fungua rimoti yako ya zamani usome namba iliyopo kwenye bodi au nyuma ya kava, tafuta yenye namba hiyohiyo. Ya mtumba iliyotolewa kwenye gari la skrepa la aina na mwaka uleule mara nyingi ni bora kuliko mpya ya kubahatisha.

Ukinunua kava tupu ili uhamishie vitu vyako kwa sababu la zamani limepasuka, chungulia ndani ya kava la zamani kabla hujalitupa. Chipu ya imobilaiza inakaa kwenye kishimo chake pembeni, haijaungwa na waya wowote, mara nyingi rangi nyeusi, ndogo tu, kubwa kidogo kuliko punje ya mchele mrefu kutegemea aina. Watu wanahamisha bodi ya rimoti wanaacha chipu kwenye kava la zamani, kava linaenda kwenye takataka, kesho yake gari haliwaki na fundi wa injini anaitwa kufungua pampu ya mafuta.

Toyota hatua kwa hatua

Njia hii ni ya Toyota za kuchomeka funguo, za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 90 hadi katikati ya miaka ya 2000 na baadhi za mbele kidogo. Ina muda, kwa hiyo isome mpaka uielewe ndo uende kwenye gari, au mpe mtu akae pembeni akusomee, mtoto wa darasa la nne mwenye simu ya kuhesabu sekunde anatosha.

Kabla ya yote shusha kioo cha dereva chote. Sio utani, kwenye hili zoezi loki zitakuwa zinajifunga na kujifungua zenyewe na funguo ipo ndani, hutaki mlango ujifunge ukiwa umetoka nje kumjibu jirani.

Milango mingine yote iwe imefungwa, wa dereva peke yake uwe wazi na loki yake iwe imefunguliwa. Funguo iwe nje ya swichi. Rimoti zote unazotaka kuingiza ziwe mapajani.

Unachomeka funguo kwenye swichi unachomoa, unachomeka tena unachomoa, hizo mbili zifanye ndani ya sekunde 5. Huzungushi, ni kuingiza na kutoa tu.

Kisha, ndani ya sekunde 40, unafunga mlango wa dereva na kuufungua mara mbili, ukimaliza ukiwa wazi unachomeka funguo na kuichomoa mara moja. Halafu tena ndani ya sekunde 40 unafunga mlango na kuufungua mara mbili, unachomeka funguo, safari hii unaiacha humo humo, unafunga mlango.

Sasa unaizungusha kutoka LOCK hadi ON, pale taa zote za dashibodi zinapowaka, usipige stata, na kuirudisha LOCK, kwa mwendo wa kama sekunde moja moja. Idadi ya mizunguko ndo inaamua unataka nini. Mara moja ni kuongeza rimoti mpya juu ya zilizopo. Mara mbili ni kufuta zote na kuanza upya. Mara tatu ni kuuliza gari linajua rimoti ngapi. Mara tano ni kufuta zote na kuzuia kabisa, yaani gari lisisikilize rimoti yoyote. Ukishazungusha unachomoa funguo.

Ndani ya sekunde kama 3 gari lazima likujibu lenyewe kwa loki za milango, utasikia kra-kra, zinafunga na kufungua. Kama ulichagua kuongeza zitapiga mara moja, kufuta mara mbili, kuzuia mara tano. Hilo jibu ndo kila kitu, kama halijaja usiendelee kubonyeza rimoti, hujaingia bado, rudi mwanzo.

Likishajibu chukua rimoti, bonyeza LOCK na UNLOCK kwa pamoja kwa sekunde moja hadi moja na nusu, achia, halafu ndani ya sekunde 3 bonyeza kimojawapo peke yake ukishikilie sekunde moja na zaidi kidogo. Loki zikipiga mara moja rimoti imeingia. Zikipiga mara mbili imekataa, rudia hapohapo ile ya kubonyeza viwili kisha kimoja. Rimoti inayofuata unaifanyia hivyohivyo ndani ya sekunde 40, na gari nyingi zinabeba rimoti 4. Ukimaliza fungua mlango, utaratibu unajifunga wenyewe. Toka nje, jaribu zote moja moja.

Kwenye baadhi ya Toyota, badala ya kufungua na kufunga mlango wanatumia swichi ya loki iliyopo mlangoni: unachomeka na kuchomoa funguo mlango ukiwa wazi, unabonyeza loki na kufungua mara tano, unafunga mlango na kuufungua mara moja, unabonyeza tena mara tano, unachomeka funguo, ON na kurudisha, unachomoa. Kama ile ya kwanza imegoma mara kadhaa jaribu hii, kuanzia hapo kwenye jibu la loki kwenda mbele ni ileile.

Kwanini nasisitiza kufuta

Watu wengi wanaenda moja kwa moja kwenye kuongeza, mzunguko mmoja, basi. Mimi kwa gari la mkononi siwezi. Umenunua gari kwa mtu, naye alinunua kwa mtu, kuna dereva alishawahi kupewa, kuna yadi lilikaa miezi, kuna car wash pale kona. Hujui rimoti ngapi zinafungua milango yako usiku. Piga ile ya mizunguko mitatu kwanza, hesabu loki zinapiga mara ngapi taratibu, kila mpigo ni rimoti moja gari inayoijua. Una moja mkononi na gari linapiga tatu, basi kuna mbili ziko mahali. Hapo tumia mizunguko miwili, futa zote, ingiza zako tu.

Ila kumbuka ukifuta na ukawa umesahau rimoti ya mama watoto ipo naye kazini, ya kwake itakuwa imekufa mpaka arudi uiingize nayo. Na kufuta rimoti hakufuti funguo ya chuma wala chipu, aliyebaki na funguo nzima ya gari lako bado anaweza kufungua mlango kwa chuma na kuliwasha, dawa yake ni kubadilisha vitasa au kwenda kufutiwa chipu na mashine.

Na kama unajiuliza mwizi si atafanya hivihivi, hawezi, maana utaratibu mzima unataka funguo inayoingia na kuzungusha swichi, na mwenye hiyo tayari ana gari.

Ikigoma

Kwanza kabisa angalia taa ya darini, iweke kwenye DOOR. Mlango wa dereva ukiwa wazi iwake, ukifunga izime. Kama haibadiliki basi ile swichi ndogo ya kwenye nguzo ya mlango imekufa au imejaa vumbi, na gari halijui kama umefungua na kufunga mlango, utafungua na kufunga mpaka jioni. Hii nimeiona kwenye gari nyingi za zamani kuliko kitu kingine chochote. Toa skrubu yake, vuta taratibu usiache waya ikaingia ndani ya nguzo, safisha, rudisha. Jaribu kuibonyeza na kidole, taa ya ndani ikitii ni nzima.

Pili ni swichi inayohisi funguo imechomekwa. Kwa gari zenye ile kengele ya kukukumbusha funguo, chomeka funguo mlango wa dereva ukiwa wazi, kama hailii gari halijui kwamba kuna funguo. Hiyo inakaa pale pale kwenye silinda ya swichi, fundi umeme anaibadilisha.

Tatu ni mlango mwingine haujafunga vizuri, mara nyingi wa nyuma kabisa wa buti, angalia taa ya mlango kwenye dashibodi. Nne ni mwendo. Watu wanafanya haraka haraka kama wanakimbizwa, sekunde 40 ni nyingi, fungua mlango mpaka uwe wazi kweli, funga mpaka ushike kweli. Tano, betri ya gari imechoka kiasi kwamba loki zenyewe zinajivuta.

Kama gari linajibu kila mara lakini rimoti ndo inakataa, tatizo liko kwenye rimoti, masafa au bodi, acha kulisumbua gari.

Nissan na Honda

Nissan za miaka ya 2000 mwanzoni, zile za kuchomeka funguo kama X-Trail ya kwanza, ni rahisi zaidi. Kaa ndani, funga milango yote, piga loki kwa swichi ya mlangoni. Chomeka funguo na kuichomoa kabisa mara 6 ndani ya sekunde 10, itoke nje kweli sio kuivuta nusu. Taa za hazadi zitawaka mara mbili. Zisipowaka rudia kwa mwendo wa kawaida, ukienda haraka sana gari halihesabu. Zikishawaka chomeka funguo, zungusha hadi ACC, ile hatua ya kabla ya ON, bonyeza kitufe chochote cha rimoti mara moja, hazadi zinawaka tena mara mbili, imeingia. Kama una nyingine, fungua na ufunge loki ya dereva kwa swichi ya mlangoni kisha bonyeza ya pili. Ukimaliza fungua mlango. Nissan hizi hazina ile ya kufuta moja kwa moja, zinabeba rimoti 5 na mpya inasukuma ya zamani, kwa hiyo kama umeibiwa rimoti ingiza uliyonayo mara tano mfululizo, zile nyingine zote zinatoka.

Honda ni mchezo wa sekunde. Milango imefungwa, rimoti zote ziko nawe. Zungusha funguo ON, bonyeza LOCK ya rimoti, rudisha funguo. ON tena, bonyeza, rudisha. ON, bonyeza, rudisha. Mara ya nne ON, bonyeza, hapo utasikia loki zimepiga, usirudishe funguo. Kila tendo lifuate lingine ndani ya sekunde 4. Loki zikishapiga bonyeza rimoti ya kwanza, loki zinapiga, ya pili, zinapiga, ndani ya sekunde 10 uwe umemaliza, ndo unazima. Honda ukishaingia tu kwenye huo mfumo inafuta rimoti zote za zamani, haiulizi, kwa hiyo usianze kama huna zote mkononi.

Funguo smati na chipu, hapa ndo fundi anakula

Gari nyingi za kubonyeza kitufe hazina njia ya kuchomeka kwa sababu hakuna pa kuchomeka, zinataka mashine inayoingia kwenye soketi ya chini ya usukani. Wenzetu wa Kenya gari ya kuingiza haitakiwi kuzidi miaka 8, kwa hiyo wao wameshaingia sana kwenye hizi, sisi ndo tunaendelea kula maisha na IST za 2003. Funguo smati ya mtumba usinunue bila kuongea na fundi kwanza, inakuwa imejifunga kwenye gari lake la zamani na lazima ifunguliwe na mashine kabla ya kuingia kwako.

Ila kuna kitu cha nyumbani cha kujua. Betri ya funguo smati ikiisha gari halijafa. Kuna funguo ndogo ya chuma imefichwa ndani ya kava, kuna kidude cha kusukuma pembeni inatoka, fungulia mlango. Alam inaweza kulia, iache. Kwenye Toyota kanyaga breki, gusisha upande wa funguo wenye nembo kwenye kitufe cha kuwashia, ukisikia mlio bonyeza kitufe kwa kidole, linawaka, maana chipu ndani yake haitegemei betri.

Kwa kazi ya chipu au funguo smati nenda na funguo zote ulizonazo, baadhi ya mashine zinafuta zote zikianza. Kubalianeni bei kabla hajachomeka mashine, mwambie akuonyeshe kwenye skrini funguo ngapi zimesajiliwa kabla na baada, na usiondoke mpaka kila funguo imewasha injini mbele yako na ikaendelea kunguruma dakika kadhaa. Na nenda wakati bado una moja nzima. Kuongeza funguo ya pili wakati ya kwanza ipo ni kazi ndogo kwa fundi, lakini zikipotea zote gari linavutwa na breakdown, na kwenye baadhi ya gari kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, inafunguliwa, hapo bei anapanga yeye.